Falcom si Ys na Trails peke yake

Mhariri,

Ukurasa wenu wa teknolojia wiki iliyopita ulieleza vizuri gemu za RPG kutoka Japani, yaani zile ambazo unaongoza mhusika anayezidi kupata nguvu hadithi ikiendelea, ila Nihon Falcom ilipewa sentensi moja tu: kwamba ndiyo kampuni ya mifululizo ya gemu ya Ys na Trails. Hilo ni kweli. Lakini kijana akilishika hilo peke yake, ataanza na Trails, atakuta hadithi moja inayoendelea katika gemu zaidi ya kumi, kila moja ikila makumi ya saa, na atakata tamaa kabla hajaonja kile kinachowafanya watu waipende Falcom. Mlango wake mzuri uko kwenye gemu zake ndogo zisizotajwa sana. Kila moja imejengwa juu ya sharti moja geni, na ukilielewa sharti hilo gemu nzima inafunguka. Usipolielewa, utaiona ngumu bila sababu.

Kwanza kampuni yenyewe. Masayuki Kato aliianzisha mwaka 1981 mjini Tachikawa, magharibi ya Tokyo, ikiwa duka la kompyuta za Apple. Mwaka 1985 ilitoa Xanadu kwa kompyuta za Japani za wakati ule, kazi ya Yoshio Kiya, na nakala zaidi ya 400,000 zikauzwa. Hiyo ilikuwa rekodi kwa gemu ya kompyuta nchini humo. Kutoka hapo wametoka watu wengi. Tomoyoshi Miyazaki na Masaya Hashimoto, walioiunda Ys, waliondoka wakaanzisha kampuni yao ya gemu, Quintet. Hata Makoto Shinkai, mtengenezaji wa filamu za katuni anayejulikana dunia nzima leo, aliwahi kuajiriwa Falcom akitengeneza video za ufunguzi wa Ys. Rais wa sasa, Toshihiro Kondo, alikuwa shabiki mwenye tovuti yake kuhusu gemu za kampuni hiyo kabla hajaajiriwa huko.

Xanadu ya 1985 bado inachezeka, imo kwenye mashine ya gemu ya Nintendo Switch katika EGGCONSOLE, mfululizo wa gemu za zamani, lakini isichezwe kwa mazoea ya leo. Majini yake, yaani maadui unaopigana nao, yana idadi maalumu. Ukiyamaliza ovyo, hakuna mengine yatakayokuja kukupa uzoefu, yaani pointi za kupandia leveli. Baadhi yao ni wema, na ukiwaua karma yako, yaani hesabu ya maovu yako, inapanda, halafu hekalu linakataa kukupandisha leveli, yaani daraja la nguvu zako. Ndipo wengi wanapokwama wakidhani gemu imeharibika. Dawa imo ndani ya gemu yenyewe: kunywa sumu. Inapunguza karma lakini inakata uhai wako nusu, kwa hiyo usiinywe katikati ya mapambano. Tena kila silaha ina uzoefu wake peke yake. Upanga mpya wa bei kubwa unaanzia sifuri, na unaweza kupiga vibaya kuliko ule wa zamani uliouzoea. Unaponunua mpya, uzoeze kwanza kwa majini dhaifu, kisha ndipo uingie nao kwa bosi, yaani adui mkuu.

Mrithi wake, Xanadu Next ya 2005, ndiyo ningeipendekeza kwa mtu mzima mwenye laptopu ya kawaida. Toleo la Kiingereza lilifika Steam, duka la gemu la mtandaoni, mwaka 2016. (Ipo nyingine yenye jina hilohilo iliyotoka kwenye simu ya Nokia N-Gage. Hiyo ni gemu tofauti kabisa, msichanganye.) Hapa sharti ni funguo. Milango ya mapangoni imefungwa, kila ufunguo unatumika mara moja tu, na dukani bei yake inapanda kila unaponunua. Anayenunua funguo nyingi mapema anajikuta baadaye hana fedha za vifaa. Kwa hiyo fungua kwanza masanduku yote unayoweza kuyafikia, okota funguo zinazodondoshwa na majini, na mifupa usiipuuze, kwani dukani ina kazi katika habari hiyohiyo ya funguo. Dukani nenda ukiwa umekwama kweli.

Jambo la pili katika Xanadu Next ni kuzunguka. Adui akipigwa mgongoni anaumia zaidi kuliko akipigwa usoni. Mchezaji anayesimama mbele akibonyeza kitufe mfululizo atamaliza dawa zake zote ghorofa ya kwanza. Sogea pembeni, subiri adui arushe pigo lake, zunguka, piga mara mbili tatu, toka. Na silaha msiziuze haraka: zinafundisha ujuzi kadiri unavyozitumia, na ujuzi ukishaupata unabaki nao hata ukibadilisha silaha. Ndiyo maana upanga dhaifu una thamani mpaka uwe umeuzoea kabisa.

Zwei nazipenda kuliko zote, na sioni haya kusema hivyo. Ziko mbili: ya kwanza ya 2001, ambayo kwa Kiingereza inaitwa Zwei: The Arges Adventure, na ya pili ya 2008, Zwei: The Ilvard Insurrection. Kwa Kiingereza ya pili ilitangulia, ilitoka Oktoba 2017, ile ya kwanza ikafuata Januari 2018. Hadithi haziungani kiasi cha kukulazimisha kufuata mpangilio. Katika zote mbili, kuua jini hakukupi uzoefu hata kidogo. Jini likifa linaacha chakula, na leveli inapanda kwa kula. Chakula hichohicho ndicho kinachorudisha uhai. Basi kila ukiumia pangoni unakuwa na uamuzi wa kufanya: nile sasa nipone, au nivumilie nikirudishe mjini? Kwa sababu mjini, vyakula kumi vya aina moja vinabadilishwa kwa kimoja cha daraja la juu, na hicho kimoja kinatoa uzoefu mwingi kuliko vile kumi ukivila kimojakimoja.

Hapa ndipo watu wanapoharibu mambo, na wanaharibu kwa njia mbili zinazopingana. Wapo wanaokula kila wanachookota, wakifika pango la tatu leveli yao iko chini na bosi anawaua kwa mapigo machache. Wapo pia wanaojinyima kila kitu kwa ajili ya kubadilisha, wanapigana wakiwa leveli ya mwanzo, wanakufa wakiwa na mkoba umejaa vyakula. Njia inayofanya kazi ni kula zile aina ambazo hazitafika kumi. Ukiwa na matufaha manne na unaondoka pango lile, kula hayo. Aina inayodondoshwa kwa wingi katika pango ulilomo, iache ikusanyike. Na ukikwama kwa bosi, kula kwanza, usirudi kuua majini ukitumaini leveli itapanda yenyewe. Majini yatakupa chakula tu.

Katika Arges Adventure unaongoza ndugu wawili wa kambo, Pokkle na Pipiro, wanaotafuta sanamu za miungu zilizoibwa. Pokkle anapiga kwa mkono, Pipiro kwa uchawi, na unabadilisha kati yao kwa kitufe kimoja. Katika Ilvard ni rubani Ragna na binti wa kifalme Alwen, mnyonya damu aliyenyang'anywa kasri lake. Mandhari ya ile ya kwanza imechorwa kama kitabu cha watoto na haijachakaa hata leo.

Gurumin ya 2004 ni ya watoto, na wazazi waifahamu. Msichana Parin anapigana kwa kekee, yaani drili. Sharti lake ni muziki: ukibonyeza kitufe sambamba na mdundo wa wimbo unaopigwa, pigo linakuwa na nguvu zaidi. Basi msicheze kwa spika au vipokea sauti vya Bluetooth. Sauti inachelewa kidogo kufika, mtoto anabonyeza kwa mdundo anaousikia, gemu inamhesabia amechelewa. Tumia vya waya. Kama ni televisheni, washa hali yake ya gemu.

Brandish, ya mwaka 1991, ina tabia inayowafukuza watu dakika tano za mwanzo: mhusika hageuki, ramani ndiyo inayogeuka kwa robo duara huku yeye akitazama juu daima. Wengine wanasikia kizunguzungu. Macho yakae kwenye ramani ndogo, na kila baada ya kona simama kidogo uone njia uliyotokea iko upande gani. Silaha zinavunjika, kwa hiyo beba ya akiba. Toleo lililofanywa upya, The Dark Revenant, kwa Kiingereza lilitoka mwaka 2015 kwa PSP, mashine ya gemu ya mkononi ya Sony.

The Legend of Nayuta ya 2012, iliyopata Kiingereza mwaka 2023, inakwepwa kwa sababu jina lake kamili lina neno Trails. Inajitegemea. Hatua zake zilezile zinarudiwa katika majira tofauti ya mwaka, na njia iliyokuwa imezibwa mara ya kwanza inafunguka majira yakibadilika.

La mwisho ni la kiufundi. Matoleo ya Kiingereza ya gemu hizi za kompyuta hayahitaji kadi kubwa ya grafiki, lakini mara nyingi yanakuja na programu ndogo ya mipangilio inayofunguliwa peke yake kabla ya gemu. Humo ndimo unamoweka ukubwa wa picha na vitufe vya pedi. Asiyeifungua anacheza kwenye kidirisha kidogo na kulalamika. Na mwenye diski ya Kijapani akiona maandishi ya vurugu, tatizo ni mpangilio wa Windows: ingia Control Panel, kisha Region, kisha Administrative, badilisha System Locale iwe Japanese, uache kisanduku cha UTF-8 bila alama, halafu uwashe kompyuta upya.

Mkiandika tena kuhusu RPG za Japani, naomba Zwei ipewe walau nusu ukurasa.

Msomaji wenu,
Tanga