Bahari ya Adria si picha ya kalenda

Mhariri,

Kurasa zenu za safari huionyesha Kroatia kama bahari ya kunywea kahawa. Mimi na mume wangu, wa Lamu tunaoishi Ujerumani, tulikodi mashua ya tanga mjini Split kwenda kisiwa cha Vis. Maestrali, upepo wa huko wa alasiri, ilitubeba vizuri, yeye usukanini, mimi nimeshika demani, kamba ya tanga. Tatizo ni upepo uitwao bura: hushuka milimani kutoka kaskazini-mashariki kwa dharuba, mara nyingi anga likiwa jeupe kabisa. Kaskazi yetu ina adabu zaidi. Nilipoona wingu limekalia kilele, dalili ya bura, nikasema, "Baba Swaleh, tupunguze tanga." Akabisha kwanza (wanaume!), kisha akapunguza. Waambieni wasomaji wasikilize utabiri kabla ya kung'oa nanga; redio ya pwani husoma kwa Kiingereza pia.

Mama Swaleh,
Hamburg