Barua kwa wazazi mnaoleta watoto pwani sikukuu

Wanangu,

Asalaam aleikum, na kwa ndugu zangu Wakristo, Bwana Yesu asifiwe. Nawaandikia kutoka Kigamboni, nilikozaliwa na nilikovua samaki miaka 41, kwanza kwa ngalawa ya baba yangu, baadaye kwa boti ya mashine. Siku hizi siingii tena baharini. Nakaa chini ya mkungu nikishona nyavu za vijana, na kila Idi na kila Pasaka nawaona mnavyomiminika na watoto wenu. Mwaka huu nimeona jambo lililoninyima usingizi. Ndiyo maana nimemkalisha mjukuu wangu aniandikie haya kama ninavyoyasema.

Ilikuwa Idi pili. Kwenye saa nne asubuhi ziliingia Noah mbili za familia moja. Zikashushwa sufuria za pilau, majamvi, spika, watoto saba na watu wazima tisa. Niliwahesabu. Maji yalikuwa yanakupwa, yamekwenda mbali, mchanga uko wazi mpaka kwenye fungu, yaani tuta la mchanga lililo baharini, na vidimbwi havifiki hata kifundo cha mguu. Watoto wakaachiwa wakakimbia. Nilifurahi kuwaona, maana mtoto wa mjini aliyezoea kufungiwa getini akipewa mchanga anakuwa kiumbe kingine.

Saa nane na nusu niliinua macho kwenye wavu nikaona kitu chekundu juu ya fungu. Ilikuwa fulana. Mtoto wa miaka minne hivi amechuchumaa peke yake, anachimba, wala hana habari. Kati yake na nchi kavu mkondo ulikuwa umeshajaa, maji ya kifua cha mtu mzima. Sikumwita. Mtoto mdogo ukimwita kwa ukelele atakuja moja kwa moja, na njia yake ilikuwa ndani ya ule mkondo. Nilimpungia kijana mmoja mwenye mtumbwi, tukamwendea polepole kama watu wanaotembea tu. Tulipomfikia alininyooshea kombe alilolichimbua, anataka nilione.

Nilipomfikisha jamvini watu tisa waliinuka kwa mpigo. Mama alijua yuko na baba. Baba alijua yuko na shangazi. Shangazi alikuwa anapakua pilau. Kisha wote, kama walioagizana, wakageuka kumtazama binti mwembamba aliyekuwa amesimama pembeni, mtoto mchanga begani, mwingine amemshika mkono. Dada wa kazi. Mama akamfuata akamzaba kofi mbele za watu.

Nilimuuliza yule binti ana miaka mingapi. Akaniambia 13. Kwao bara. Bahari alikuwa anaiona kwa mara ya kwanza siku ile ile.

Wanangu, mkondo ule nimeuzoea. Lililoninyima usingizi ni lile kofi. Watu tisa waliokula chumvi, wenye simu, wenye leseni za kuendesha magari, wamemtwika mtoto roho tatu za watoto kando ya bahari asiyoijua, kisha wamempiga kwa kuwa ana mikono miwili tu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtu asiyefika miaka 18 ni mtoto, na haimruhusu aliye chini ya miaka 14 kuajiriwa. Kwa hiyo siku ile watoto walioletwa pwani walikuwa wanane, ila mmoja hakuna aliyemhesabu. Hakuogelea. Hakucheza. Sahani yake ilikuwa bado imefunikwa.

Msinidhanie nawachukia. Najua mnavyochoka. Najua mama anayefanya kazi kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi naye anataka siku moja ya kukaa na wenziwe acheke. Acheke. Lakini siku hiyo mtoto lazima awe mikononi mwa mtu mzima mmoja anayejulikana kwa jina. Mmoja. Mkiwa tisa na hamkugawana zamu, mtoto hana hata mmoja. Wazee walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Kwenu nahodha hakuwapo kabisa, kila mmoja alikuwa abiria.

Kwenye chombo chetu tulikuwa na desturi ya kukabidhiana usukani. Anayetaka kupumzika anasema, "Shika." Anayepokea anajibu, "Nimeshika." Mpaka usikie jibu, mkono wako hautoki, hata kama umebanwa na haja. Hata usiku, hata kama ni ndugu yako wa tumbo moja. Fanyeni hivyo hivyo kwa mtoto. "Mshike Juma." "Nimemshika." Aliyeshika hali, hapigi picha, hapokei simu, hamgeukii mtu akapiga naye soga. Akichoka baada ya nusu saa anamkabidhi mwingine kwa maneno yale yale. Na neno "shika" haliambiwi mtoto mwenzake, wala dada wa miaka 13, wala bibi ambaye macho yake hayavuki jamvi.

Mnangoja kusikia kelele. Hakuna kelele. Mtoto mdogo anayezama haiti mtu, kwa sababu mdomo wake uko majini na anatafuta pumzi. Anatulia tu, na kimya chake mnakidhania mchezo. Maji yanayofika magotini kwako yanamtosha. Nilisikia redioni ripoti ya Shirika la Afya Duniani iliyotoka Desemba 2024: katika mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao hawakuwa wamefikisha miaka mitano. Hao hawakuwa mabaharia.

Sasa niwape elimu ya maji, maana naona hata watu waliozaliwa Dar es Salaam hii hii siku hizi hawaijui. Bahari ina ratiba. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji huwa ya bamvua: yanakupwa mbali sana na yanajaa juu sana, tofauti yake hapa kwetu inapita mita 3. Katikati ya mwandamo na mwezi mpevu huwa maji mafu, hayana haraka. Na mabamvua makubwa kuliko yote huja Machi na Septemba, pale usiku na mchana vinapolingana urefu. Haya, Idi el-Fitri husherehekewa lini? Mwezi ukiandama. Kwa hiyo Idi hiyo haikosi bamvua, na miaka hii inaangukia Machi. Pasaka nayo huhesabiwa kwa mwezi mpevu, na miaka mingine siku yake inakutana na bamvua vile vile.

Hapa kwetu siku za bamvua maji hukauka kwenye saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa kwenye saa kumi au kumi na moja jioni. Angalieni mnavyopangiwa mtego. Mnafika maji yamekwenda, mnaona uwanja, mnawaachia watoto. Maji yanaanza kurudi taratibu, hakuna anayestuka. Halafu saa ya tatu na ya nne tangu yaanze kujaa ndipo yanapokimbia, na ndio wakati wenu wa pilau. Wala hayaji kama ukuta kutoka mbele. Yanapita kwanza kwenye mikondo ya pembeni, yanazunguka nyuma ya fungu, na fungu linakuwa kisiwa huku mchanga wake bado mkavu. Ndivyo ilivyokuwa kwa yule mwenye fulana nyekundu. Hakwenda kwenye maji. Maji ndiyo yaliyomzunguka.

Muulizeni mvuvi yeyote mnapofika: maji yanageuka saa ngapi? Hatawatoza kitu. Mtu akikataa kujibu swali hilo, huyo si mvuvi.

Mengine nayataja tu. Mtoto mvisheni rangi kali, siyo bluu wala nyeupe. Tairi mnalokodi ni la kuchezea, halimlindi mtu, na maji yakianza kutoka linakwenda nayo pamoja na aliyelalia. Baada ya mvua kubwa ya masika msiwaogeshe karibu na mdomo wa mto au mfereji, maji yale yamebeba uchafu wa mji mzima. Mtoto afundishwe jina la baba, la mama na mtaa wake, au namba ya simu iandikwe mkononi kwa kalamu. Kwenye kivuko mbebeni au mshikeni kifundo cha mkono, siyo vidole. Boti isiyo na jaketi okozi la saizi ya mtoto, msipande naye. Boti iliyojaa msipande hata kama mmeshalipa, hata kama mnachelewa. Sisi tulioamka Septemba 10, 2011 na habari ya MV Spice Islander, iliyozama kati ya Unguja na Pemba kwa kujaza kupita kiasi siku chache baada ya Idi, hatuna haja ya kuelezwa zaidi.

Na wenye mamlaka nao nina neno lao. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5 katika mkoa huu. Viwanja vya mitaani walivyochezea baba zao vimejengwa fremu za maduka, basi sikukuu watu wote wanaelekea baharini siku moja. Wanatozwa kiingilio, wanatozwa maegesho, na hayupo hata mtu mmoja anayelipwa kutazama maji. Hakuna bendera, hakuna kibao cha saa za kujaa na kukupwa, ilhali saa hizo zinajulikana mwaka mzima mbele. Shule ziko hatua mia kutoka ufukweni na mtoto anamaliza darasa la saba hajui kuelea. Kule Nungwi, Unguja, wapo wanaofundisha hata wasichana kuogelea wakiwa na stara zao. Haya mambo yanawezekana. Ni kwamba hapa hatujaona aibu ya kutosha.

Wanangu, njooni. Naomba msisikie haya mkaacha kuja. Leteni watoto wachimbe makombe, wapigwe na upepo, warudi wamelala kwenye mapaja yenu na mchanga masikioni. Mimi nililelewa na pwani hii na sijapata kulelewa vizuri hivyo na kitu kingine.

Nawe mama wa mwenye fulana nyekundu, kama barua hii itakufikia. Mliondoka kwa haraka siku ile, na binti akapandishwa nyuma ya gari miguu mitupu. Kandambili zake zilichukuliwa na maji, nikazipata zimenasa kwenye mikoko asubuhi ya pili yake. Za bluu, ya kushoto imeunganishwa kwa waya. Nimezitundika hapa mkunguni. Njooni mzichukue, mje naye, na siku hiyo mtoto ashikwe na wewe ili yeye aingie majini.

Ni mimi babu yenu,
Kigamboni