Harambee ya kupima maji na samaki wa Bwawa la Hombolo

Bwana Yesu asifiwe. Na kwa majirani zetu Waislamu, asalaam aleikum.

Jumapili iliyopita, kwenye mnada baada ya ibada, ndoo ya perege ilikosa mnunuzi. Jogoo aligombewa, mayai yakaisha, hata kiroba cha mtama kikapata mtu. Perege wakarudi nyumbani na mama aliyewatoa sadaka. Sababu tunaijua sote: maneno yamezagaa kwamba samaki wa Hombolo wana kemikali.

Maneno hayo hayakuzuka hivi hivi. Bwawa hili, lililojengwa mwaka 1957, linalishwa na Mto Kinyasungwe Mdogo, na mvua ikipiga Dodoma mjini maji ya mitaro hushukia kwetu. Mji nao umepanuka. Betri mbovu, rangi, oili chafu za gereji, vyote vinaweza kuleta metali zenye sumu, kama risasi (lead) au kadmiamu. Metali hizo haziozi. Hutuama kwenye tope (na tope la bwawa letu nani asiyelijua), wadudu wa topeni huzimeza, kambale hula wadudu, nasi tunamla kambale. Kuchemsha maji hakusaidii; mvuke huondoka, metali hubaki sufuriani. Risasi huwaumiza zaidi watoto, kwa kuwa hudhuru ubongo ambao bado unakua.

Ila kuweza kuwemo si kuwemo. Hatutaki kumfungia mvuvi riziki kwa uvumi, wala kumpa mtoto kitoweo kwa kubahatisha. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha risasi kwenye maji ya kunywa kuwa maikrogramu 10 kwa lita. Kiasi hicho hakionekani wala hakina ladha. Ni maabara tu.

Tunachangia kupima mara mbili: mwisho wa kiangazi bwawa likiwa limepungua, kisha mvua zikishakolea. Yatapimwa maji, tope, perege na kambale, minofu mbali na maini mbali, maana ini hukusanya metali nyingi kuliko minofu. Mzee mmoja alijitolea chupa zake za soda kwa kuchotea. Tulimshukuru sana, lakini chupa za kazi hii huoshwa kwa asidi, na samaki husafiri kwenye barafu, kwa hiyo mtaalamu atakuja kuchota mwenyewe. Maabara hutoza kwa kila sampuli na kila metali; hapo ndipo sadaka yetu ya kawaida inapoishiwa pumzi.

Bahasha zipo kwa wazee wa kanisa, ahadi ziandikishwe kwa mhazini, na kila mchango una risiti. Majibu yatabandikwa kanisani na ofisi ya kata, hata yakituuma.

Mama wa perege ametoa samaki wa sampuli bure. Mnada wa Jumapili ijayo una zabibu, kuku na mbuzi mmoja dume. Anayemtaka awahi, ibada ya pili inatoka saa tano.