Dada wa kazi si mlinzi wa nyumba sikukuu

Ndugu Mhariri,

Desemba ikikaribia, hapa Dar es Salaam tunasikia tangazo lile lile la Polisi: unaposafiri sikukuu, usiache nyumba bila mtu. Sina ugomvi nalo. Vibaka wanaijua kalenda yetu vizuri sana. Wanajua Wachaga wanakwenda Moshi "kuhesabiwa", wanajua Kituo cha Mabasi cha Magufuli pale Mbezi hakipitiki wiki ya Krismasi, na wanajua ni nyumba ipi taa ya barazani haijawaka tangu juzi. Ninachokilalamikia ni namna tunavyolitii tangazo hilo.

Huyo "mtu" tunayemwacha ni nani? Huku kwetu Tabata mara nyingi ni dada wa kazi, binti wa miaka 15 au 16 aliyeletwa kutoka Singida au Iringa. Anaachiwa mchele, maharage na onyo la kutofungua mlango. Geti linapigwa kufuli kwa nje, eti asizurure. Madirisha yote yana nondo. Familia inaondoka alfajiri, kurudi ni baada ya mwaka mpya.

Krismasi iliyopita binti wa namna hiyo aliniita kutoka nyuma ya geti. "Shikamoo mama. Naomba unipigie simu kwa bosi, umeme umeisha." Luku, mita ya umeme wa kulipia kabla, ilikata usiku wa kuamkia siku hiyo, na simu hakuwa nayo. Bosi akanunua umeme hukohuko aliko, akanitumia tarakimu zote 20 za kuingiza kwenye mita, nikaziandika nyuma ya risiti ya duka na kuipenyeza chini ya geti. Nikamuuliza usiku alifanyaje. Akasema aliingiza jiko la mkaa chumbani lipate kumtolea mwanga, akafunga madirisha kwa kuogopa wezi.

Mhariri, mkaa ukiungua kwenye chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala huzidi kuivuta bila kushtuka, na anaweza asiamke. Na moto ukizuka je? Zimamoto ni 114, lakini apige kwa simu gani, na atoke wapi kama nondo ziko dirishani na ufunguo wa geti uko na bosi Rombo?

Wezi nao wakija na mapanga, tulitarajia awafanye nini?

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka anayefanya kazi siku ya mapumziko ya kitaifa alipwe mara mbili. Nani kati yetu amewahi kumlipa dada wa kazi hivyo kwa Krismasi? Naye ana mama yake kijijini anayemsubiri, ingawa hilo huwa halimo kwenye hesabu zetu za nauli.

Nyumba inaweza kulindwa bila yeye. Muage mjumbe wa mtaa na jirani wa ukuta kwa ukuta. Walipeni vijana wa ulinzi shirikishi kabla ya kusafiri, maana Desemba ndiyo mwezi wanaosahaulika kuliko yote. Jirani mwenye gari mwombe aliegeshe uani kwako, awe anawasha taa jioni na kuzima asubuhi. Funga gesi kwenye mtungi wenyewe. Na picha za safari zisubiri mrudi. Mtu anaweka "status" akiwa Korogwe anakula machungwa, mtaa mzima unajua nyumba ni tupu. Kama ni lazima abaki mtu, awe mtu mzima aliyekubali na kulipwa, aachiwe ufunguo wa geti na simu yenye salio.

Naliomba Jeshi la Polisi tangazo la mwaka huu litamke wazi "mtu mzima". Wenyeviti wa serikali za mitaa nao, wajumbe wao wanapopita kuuliza nani anasafiri, waulize pia nani anabaki na ana umri gani. Jirani atakayeona mtoto amefungiwa ndani apige 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto. Haitozwi chochote.

Mama wa mtaani,
Tabata, Dar es Salaam