Wi-Fi ikigoma kwenye Linux, mteja aambiwe ukweli

Ndugu Mhariri,

Tangu Microsoft wasitishe huduma ya kawaida ya Windows 10, Oktoba 14, 2025, laptop nyingi za mtumba hapa Dodoma ziko njia panda. Windows 11 haizitaki. Kwa Intel inadai prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Zinahamishiwa Linux, mfumo endeshi huria ambao msimbo wake uko wazi kwa wote, na ubishi unaanza Wi-Fi inapogoma. Wapo wanaoona mfumo huria ukitiwa draiva (programu ya kuendesha kifaa) iliyofungwa, yaani yenye msimbo wa siri, umenajisika. Wengine wanasema mteja anataka intaneti, falsafa haimlishi.

Chukua chipu ya Wi-Fi ya Broadcom BCM43142, iliyomo kwenye HP na Dell nyingi za miaka ya 2013 hadi 2015. Debian 12, mojawapo ya matoleo ya Linux, ilianza kuja na femweya (programu ndogo zinazopakiwa ndani ya chipu) zilizofungwa ndani ya diski yake rasmi, lakini chipu hii inataka draiva nzima. Chomeka simu kwa waya wa USB, ishee intaneti. Kwenye /etc/apt/sources.list, faili la orodha ya maghala ya programu, ongeza contrib na non-free baada ya main, endesha apt update, kisha sakinisha linux-headers-amd64 pamoja na broadcom-sta-dkms. Wengi huweka headers (faili za kujengea draiva) za kerneli, yaani kiini cha Linux, iliyopo tu. Wi-Fi inashika, wiki mbili baadaye kerneli inasasishwa na Wi-Fi inapotea, maana DKMS, programu inayoijenga upya draiva kila kerneli inapobadilika, haina cha kujengea moduli (draiva iliyojengwa) mpya. Secure Boot, ulinzi wa kompyuta wakati wa kuwaka, nayo ikiwa imewashwa, moduli isiyosainiwa inakataliwa.

Kuiweka draiva hiyo si dhambi. Ila ndani yake mna faili la Broadcom la mwaka 2015 ambalo msimbo wake hausomeki na wengine. Watu wa Debian wanaweza kurekebisha ganda lake liende na kerneli mpya. Tundu la usalama likiwa ndani, wa kuliziba ni Broadcom peke yao. Fundi anayenyamazia hilo ndiye tunayemlaumu. Aliandike kwenye risiti, mstari mmoja tu.

Na ataje njia ya pili: adapta ya USB yenye chipu ya Atheros AR9271, ambayo msimbo wa femweya yake uliwekwa wazi mwaka 2013. Inashika GHz 2.4 pekee, inatosha kwa ofisi. Tahadhari: TP-Link TL-WN722N toleo la 1 ndiyo yenye chipu hiyo; kuanzia la 2 wameweka Realtek, na kwa nje zinafanana. Ichomekwe dukani, amri ya lsusb, inayoorodhesha vifaa vya USB, isome 0cf3:9271. Isiposoma hivyo, usilipe.

Mafundi kompyuta,
Majengo, Dodoma