Mlazo uhamie kwenye mashairi

Mhariri,

Ukurasa wenu wa hadithi fupi wa Jumapili siku hizi unachapwa wote kwa herufi za mlazo, yaani zile zinazolalia kulia, kuanzia kichwa hadi nukta ya mwisho. Mimi napanga kurasa na kuchapa kadi za harusi hapa Kariakoo. Mlazo ndio unaonilipia kodi ya fremu, kwa hiyo siusemi kwa chuki.

Kwanza, huo wenu si mlazo hasa. Mpangaji amechukua herufi wima akazibonyezea kitufe zikainama. Tazameni “a”. Katika mlazo wa kweli ni duara moja lenye mkia, kama ile ya mwalimu wa darasa la kwanza ubaoni. Yenu bado ina kichwa kilichopinda juu. “f” nayo katika mlazo mzuri hushuka chini ya mstari. Na vile vijikia vya kwenye ncha, vinavyoingia na kutoka katika kila herufi, ni alama ya kalamu, maana herufi hizi zilizaliwa kwenye mwandiko wa mkono. Francesco Griffo alizichonga kwa ajili ya mchapaji Aldus Manutius kule Venice, na mwaka 1501 wakachapa nazo mashairi ya Virgil, mshairi wa Kirumi, katika kitabu kidogo cha kushikika mkononi. Herufi kubwa waliziacha wima. (Laiti wateja wangu wangelijua hilo! Wanataka FAMILIA YA BWANA NA BIBI yote kwa herufi kubwa za fonti ya mlazo iitwayo Monotype Corsiva, mikia inagombana, mwalikwa hajui kaalikwa na nani.)

Mtasema: mbona kitabu hicho kizima kilikuwa cha mlazo? Kweli, lakini kilikuwa cha mashairi, kila mshororo na mstari wake. Hadithi yenu ni aya ndefu kwenye karatasi ya gazeti inayonyonya wino, na vijia vyembamba vya herufi vinazibika. Baba mkwe wangu, msomaji wenu wa tangu zamani, sasa anairuka.

Wakati huohuo malenga wenu mmewapa herufi nene, pana, zisizo na vijikia. Mshororo wa mizani 16 hauenei kwenye safu. Unakatika, kipande kinaangukia chini, na kina cha mwisho kinapotea katikati ya ubeti. Mlazo wa kweli una herufi nyembamba kuliko hizo. Kwa ukubwa uleule mshororo una nafasi nzuri ya kuenea bila kukatwa, vina vikapangana wima, cha kati na cha mwisho, jicho likaviona kabla mdomo haujavitamka.

Gharama haipo. Fonti ya EB Garamond ni ya bure, na mlazo wake umefuata kazi ya Robert Granjon, mchongaji Mfaransa wa karne ya 16. Jaribuni ukurasa mmoja wa mashairi, pointi 10, na muachanishe mistari kidogo.

Hadithi irudisheni wima. Ndani yake mlazo ubaki kwa jina la kitabu, kwa barua anayoisoma mhusika, au kwa jina la meli: “Liemba” ilale, “MV” isimame.

Mpiga chapa,
Kariakoo, Dar es Salaam