Barua kwa Mama Bahati

Kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, 8 Juni 2025

Mama Bahati mpenzi,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, na mara zote tatu umesema "niko sawa". Mtu aliye sawa hapigi simu saa nane za usiku kuuliza kama na huku mvua inanyesha. Nimeona nikuandikie, maana sauti katika hema lisilo na mlango wanaisikia na watoto, na haya si ya masikio yao.

Unasema tangu mwezi wa pili, mlipoikimbia Bukavu, mvua ikipiga turubai unasikia risasi. Mimi nyumba yangu ni ya mabati, fikiria mwenyewe. Kwa miaka minne, wingu likitanda tu nilikuwa naingia chini ya kitanda na mtoto kifuani. Majirani walisema nimerogwa. Mchungaji aliniambia nisamehe na nisahau. Kusamehe nilijaribu. Kusahau je, nani amewahi kusahau kwa kuamriwa? Jirani yangu Mnyarwanda ndiye aliyenitazama akasema, "Hiyo ni ihahamuka." Kwao ndivyo wanavyosema hofu ikimkata mtu pumzi. Nilifarijika kusikia kuna watu wenye jina la kitu hiki, na jina lenyewe si wazimu.

Ni yeye aliyenipeleka kwa mshauri. Nilikwenda kwa shingo upande, kwa sababu kuna watu waliwahi kutukusanya siku moja, wakatugawia soda, wakatuambia kila mmoja aseme yaliyompata mbele ya wote, jioni wakaondoka na gari lao. Wiki ile sikulala kabisa. Kumfungua mtu kidonda na kumwacha hivyo hivyo, mimi siiti msaada.

Huyu alikuwa tofauti. Ni mkimbizi kama sisi, mtu wa Fizi, amefundishwa kazi hii. Siku ya kwanza alitandaza kamba sakafuni, pembeni mawe na maua ya porini, mengine yameshanyauka. Mwanzo wa kamba ndipo nilipozaliwa. Ua kwa kila jema, jiwe kwa kila baya. Mwisho wa kamba hakuukunjua. Alisema hizo ni siku ambazo bado. Moyoni nilicheka, mchezo wa watoto huu. Nikapanga mawe haraka haraka, la usiku wa Bunyakiri likawa kubwa kuliko yote. Akauliza, "Baada ya jiwe hili, ulilala wapi?" Kwako, Kadutu, pale Bukavu. Ulinipikia bugali na samaki sambaza, ukanivika kitenge chako cha kijani ambacho mpaka leo sijakurudishia. Ikabidi nitafute ua.

Tukaendelea kila wiki, saa moja na nusu hivi, tukifuata kamba bila kuruka. Tulipofika Bunyakiri akapunguza mwendo. Mbwa alibweka upande gani? Ulisikia harufu gani? Na sasa hivi, miguu yako imekanyaga wapi? Nilitetemeka mpaka nikatapika. Hakuniacha niishie katikati. Tulikaa hadi moyo ukatulia. Kila nilichosema alikiandika, na wiki iliyofuata alinisomea, nami nikasahihisha. Alinieleza kwamba kumbukumbu ya kawaida ina siku na mahali pake: harusi yako ukiikumbuka unajua ni ya zamani. Ile ya hofu imepoteza tarehe, ndiyo maana bati likilia inakuja kama jambo la leo. Kazi yote ile ni kuirudishia tarehe yake. Mwishoni tulitia sahihi wote wawili, karatasi nikapewa mimi. Iko sandukuni, chini ya nguo.

Najua utasema ni mambo ya wazungu. Kweli, waliobuni njia hii ni wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani. Lakini waliijaribu hapa hapa Nakivale, kwa Wasomali na Wanyarwanda, matokeo yakachapishwa mwaka 2008, na washauri walikuwa wakimbizi wenyewe.

Usifikiri nimepona kabisa. Ndoto bado inakuja, labda mara mbili kwa mwezi. Mvua siipendi na sitaipenda. Ila chini ya kitanda siingii tena, na mtoto ameacha kuniuliza tunamkimbia nani.

Hapo kambini Musenyi, Burundi, ulizia mtu wa kazi hiyo, kama wale washauri tuliokuwa tunawaita mama chéri kule hospitali ya Panzi. Kwanza muulize atakuwepo kwa miezi mingapi. Akikwepa swali, mpe kiti, mpe maji, hadithi yako kaa nayo. Ukiogopa kuwa peke yako, kuna njia ya vikundi pia: vijijini kwetu Kivu wanawake waliobakwa walikutana pamoja, wakiongozwa na Wakongomani wenzao, na utafiti uliotoka mwaka 2013 ulionyesha walipata nafuu kuliko wale waliosaidiwa mmoja mmoja kwa njia ya kawaida.

Mpaka umpate, usiku ukikushika nipigie. Hata saa nane. Usianze na "niko sawa", tutapoteza vocha.

Kuna mama wa hapa anasafiri kwenda Bujumbura mwisho wa mwezi. Nitampa kitenge chako. Niambie na Bahati sasa anavaa viatu namba ngapi.

Ni mimi,
Mama Amani